Usaha wa sikioni si wa kuzoea

Juzi dada mmoja wa Masasi kanitumia ujumbe. Sikio la mwanawe linatoa usaha, linakauka, linarudi. Akaniomba jina la dawa ya matone akanunue duka la jirani. Dada, jina sitakupa, na usininunie. Zipo dawa za matone zisizofaa kabisa kwa sikio ambalo ngoma yake, ule utando wa ndani, imetoboka, na mimi siwezi kuchungulia sikio la mwanao kwa simu.

Ninachoweza ni kukusimulia ya mwanangu wa pili. Sisi tunakaa Mikindani, bahari iko mlangoni, kwa hiyo sikio lilipoanza kunuka kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani: maji ya chumvi hayo. Wifi yangu: meno yanaota. Mtoto wa miaka mitano! Shangazi alikuja na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kijiko mkononi. Nikampa shikamoo yake, nikamshukuru, mafuta nikayapeleka jikoni. Mpaka leo kwenye shughuli za ukoo naitwa "daktari", na wanaoniita hivyo hawanisifii.

Kilichoniuma zaidi ni shule. Mwalimu aliniita kunieleza kwamba mtoto ni mkaidi, akiitwa haitiki. Nyumbani nilishaona anavyogeuza shingo kunitegea sikio la kushoto kila nikimsemesha, na asubuhi foronya ina doa la njano linalonuka. Mtoto kachapwa kwa kutosikia, naye kweli hasikii. Hilo bado liko moyoni, sifichi.

Hospitali daktari alilivuta sikio juu na nyuma, akachungulia kwa kile kitochi chenye ncha. Swali lake la kwanza halikuwa bahari, lilikuwa mafua. Kumbe nyuma ya pua kuna mrija unaokwenda hadi sikio la kati, na kwa watoto ni mfupi tena umelala. Mafua yakiuziba, majimaji yanakwama ndani, vijidudu vinastawi, mtoto analia usiku kucha. Kisha ngoma inapasuka, usaha unatoka, maumivu yanapungua, na mzazi anashukuru kuwa amepona. Hapo ndipo wengi tunapopotelea. Wanaoshambuliwa zaidi ni wa kuanzia miezi sita hadi miaka miwili hivi, hasa wanaonyweshwa chupa wamelala chali na wanaovuta moshi wa kuni au sigara za baba zao. Maziwa ya mama huwakinga.

Bahari nayo ina lake. Maji yakibaki sikioni hulainisha ngozi ya njia ya nje, na kwa joto letu hili la pwani fangasi hawahitaji mwaliko. Hilo utalijua: ukivuta sikio kidogo tu, mtoto anaruka. Vijiti vya pamba vinazidisha, vinachubua na kuisukuma nta ndani. Nta si uchafu jamani, ni kinga, na hutoka yenyewe.

Tiba ilikuwa ya kuchosha. Unasokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, unauweka sikioni mpaka ulowe, unautoa, unaweka mwingine, hadi utoke mkavu. Mara tatu kwa siku, ndipo yanafuata matone aliyoandikiwa. Mimi fundi cherehani, vitambaa havinipigi chenga. Uvumilivu ndio ulikuwa kazi. Kuogelea marufuku. Leo mtoto anaitika ukimwita kutoka barazani, na mtihani uliopita kawa wa tatu darasani. Mwalimu hajasema kitu.

Wazazi wenzangu, pesa ya korosho ikiingia tunakimbilia bati na pikipiki, bima ya mtoto hatuikumbuki. Halafu tunataka wawe madaktari na marubani. Watasomaje na masikio yanayovuja? Mafua yakizidi, mpeleke. Usaha ukionekana, mpeleke. Ukifika siku 14 unaendelea, huo ni ugonjwa sugu, unaweza kula usikivu polepole huku mtoto anacheza kama kawaida.

Na ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, au mdomo umepinda upande mmoja, usingoje kukuche. Maambukizi yanaweza kuwa yameingia kwenye mfupa, na mtoto huyo ni wa hospitali usiku huohuo, hata kwa bodaboda ya kukopa.