Mwanangu ataka tuvuke Marekani kwa gari-nyumba kwenye theluji. Nimwambieje?

*Shangazi, assalam aleikum. Mimi ni mjane wa miaka 61, nakaa Kisauni, Mombasa. Mwanangu yuko Minneapolis na mkewe na watoto wawili. Amenikatia tiketi ya Desemba, viza ninayo. Mpango wake ni kukodi gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani. Shule zikifungwa tutoke kwao, tupite Denver, tukate milima hadi Los Angeles kwa mdogo wangu, ambaye hatujaonana tangu mama yetu afariki. Asema ni siku tano. Mkewe tukiongea kwa simu hagusii safari hata kidogo. Kaka yangu aniambia hayo ni mambo ya wazungu, nikae kwangu. Binti yangu asema nikikataa nitamvunja moyo nduguye aliyegharamia yote. Mimi baridi naiogopa na njia naiogopa, lakini mdogo wangu nataka kumuona. Halafu mwanangu hajui kwamba nadunga insulini, mwaka wa pili huu. Sikutaka kumpa wasiwasi akiwa mbali. Nifanyeje?*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nenda ukamuone mdogo wako. Njia ya Denver ikatae. Na kabla hujakataa wala kukubali lolote, mwambie mwanao kwamba una kisukari.

Jambo hilo umeliandika mwisho, kwa maneno machache, baada ya tiketi na kaka na binti. Mimi nalitanguliza kwa sababu kila jibu nitakalokupa linaanzia hapo. Sitakupigia methali ya mficha maradhi, unaijua tangu utotoni. Nataka tu uione siri hiyo ikiwa ndani ya gari. Minneapolis mwezi wa Desemba ni baridi ya chini ya sifuri, na kuna usiku inafika nyuzi 20 chini yake. Mtu wa Kisauni, aliyeacha kaskazi na joto lake nyumbani, akishuka hapo atatetemeka tu. Lakini sukari ikishuka pia mtu hutetemeka, akatoka jasho, akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Mwanao akikuona hivyo naye hajui, atakufunika blanketi. Mkewe atadhani umechoka, atawanyamazisha watoto ulale. Na wewe wakati huo unachohitaji ni juisi au maji ya sukari, tena upesi. Hilo naliogopa kuliko theluji yenyewe.

Insulini nayo ina masharti yake. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena na ukaiona safi machoni, ni ya kutupa. Kwa hiyo isiingie kwenye sanduku la chini la ndege. Ichukue mkononi pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa na kipimo chake. Ndani ya gari usiiache dirishani wala karibu na hita. Mkiwa nje kwenye baridi kali ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, pamoja na ile mashine ya kupimia sukari, kwa maana nayo ikipoa sana hukataa kusoma. Minneapolis wako nyuma yetu kwa saa 9 wakati huo wa mwaka, hivyo nyakati za kudunga zitahama, na ratiba mpya akupangie daktari wako mapema, si siku ya kwenda uwanja wa ndege. Miguu pia. Mwenye kisukari anaweza kuungua asijue, kwa hiyo usiiweke kwenye hita hata ikifa ganzi. Viatu vinunue vyenye nafasi ya soksi nzito, na kila usiku kabla ya kulala angalia nyayo zako.

Na bima. Matibabu ya Marekani yanafilisi watu wenye kazi nzuri, sembuse mgeni. Mwanao akikukatia bima ya safari bila kujua kisukari chako, hatakitaja kwenye fomu. Siku ukilazwa kwa ajili yake, kampuni ina haki ya kusema hukueleza ukweli, isilipe senti. Ulificha ili asipate mzigo. Mzigo huo hapo utamfikia wote kwa siku moja.

Sasa njia. Kutoka Minneapolis hadi Los Angeles kwa kupitia Denver ni kama kilomita 3,100, na ndiyo iliyo fupi, kwa hiyo simlaumu mwanao kuichagua. Kwenye ramani inapendeza. Lakini baada ya Denver barabara ya I-70 inapanda Milima ya Rocky hadi handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka miteremko mirefu. Jimbo la Colorado lina sheria kwamba kuanzia Septemba hadi Mei gari linalopita kipande hicho cha milima liwe na matairi yanayofaa theluji au libebe minyororo ya kufunga kwenye matairi. Gari-nyumba ni refu, zito, ubavu wake mpana, na dereva wake ni kijana aliyezoea gari dogo la kwenda kazini. Akisema atazunguka kaskazini kwa I-80, kupitia Wyoming, huko mkatalie pia. Upepo wa kule huangusha malori, na kipande cha Laramie hadi Rawlins hufungwa mara kwa mara wakati wa baridi. Na siku tano maana yake ni zaidi ya kilomita 600 kila siku, katika msimu ambao kwao mchana wote haufiki hata urefu wa saa 9. Kipande kizuri cha kila siku atakuwa anaendesha gizani, juu ya barafu isiyoonekana.

Njia ya kusini ndiyo ya kumwomba. I-35 inateremka moja kwa moja kutoka Minneapolis hadi San Antonio, Texas, na hapo unaishika I-10 kuelekea magharibi: El Paso, Las Cruces, Tucson, Phoenix, hadi Los Angeles. Jumla ni zaidi kidogo ya kilomita 4,100. Kilomita 1,000 za ziada ni kama kwenda Nairobi na kurudi, lakini I-10 haipandi hata nusu ya kimo cha handaki lile kutoka usawa wa bahari.

Tena mimi ningekata nusu ya kwanza kabisa. Pandeni ndege hadi San Antonio, gari mkalikodi huko. Kipande cha juu cha I-35 nacho ni cha barafu, na gari-nyumba likikodiwa kaskazini wakati huo mara nyingi mabomba yake yamekaushwa maji na kutiwa dawa ya pinki ya kuzuia yasipasuke. Bomba halitoki maji, bafu hakuna, choo hakimwagiwi. Kwako wewe hilo si dogo. Mwenye sukari huenda haja mara nyingi, na mwanamke wa Kiislamu hakai bila maji ya tohara. Viwanja vingi vya kuegesha magari haya kaskazini hufungwa msimu huo, au hufunga maji. Kusini viko wazi, watu wamejaa.

Kutoka San Antonio hadi Los Angeles ni kama kilomita 2,200. Mkizigawa kwa siku sita, dereva hatasinzia kwenye usukani. San Antonio hadi El Paso peke yake ni karibu kilomita 880 za nyika, miji iko mbalimbali, kwa hiyo mlale Fort Stockton katikati, na mafuta mjaze kabla tangi halijafika nusu. Mwanao aulize pia gharama ya kurudisha gari mji mwingine, maana kampuni za kukodisha hutoza ziada kwa hilo, na ziada hiyo yaweza kumshtua.

Usije ukadhani kusini hakuna baridi. Usiku wa jangwani Desemba unakaribia sifuri, na zipo siku mbaya zaidi. Februari 2021 Texas yote iliganda, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na tarehe 11 mwezi huo, Fort Worth, barafu barabarani iligonganisha magari zaidi ya 130 na watu sita wakafa. Kwa hiyo ziwepo siku mbili za akiba. Kila asubuhi mwanao asome tahadhari za hali ya hewa na kupiga 511, namba ya kuuliza hali ya barabara katika majimbo mengi. Wakisema dhoruba yaja, mbaki mlipo. Mdogo wako amekungoja miaka yote hii, siku mbili atangoja.

Ndani ya gari kuna mambo ambayo vijana huyasahau. Usidhani utajinyoosha kitandani huku gari likienda. Mtu mzima na mtoto, kila mmoja awe kwenye kiti chenye mkanda, na wajukuu wawe na viti vyao vya watoto. Gesi haitawasumbua. Mitungi yetu hapa ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani ikikaribia sifuri haitoki tena. Wao hutumia propani, nayo hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Lakini feni ya hita inaendeshwa na betri, na betri huchoka kwenye baridi, kwa hiyo kila usiku mlale mahali penye umeme wa kuchomeka. Na kuna hatari moja ambayo sisi tunaijua vizuri kuliko Wamarekani: moshi wa jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Gesi ile ile inayoua watu hapa kwenye vyumba vya kupanga, kaboni monoksidi, haina harufu, na ndani ya gari-nyumba hutoka kwenye jiko la kupikia likiachwa liwake ili kupasha joto, au kwenye jenereta ikiwa bomba lake la moshi limezibwa na theluji. Kifaa cha kupiga kengele lazima kiwemo. Mwanao akipime mbele ya macho yako siku ya kuchukua gari, kabla hajatia saini.

Huyo mkaza mwanao sasa. Kimya chake usikisome kuwa ni chuki. Fikiria analoliona yeye: siku tano kwenye chumba chenye upana wa ukumbi wa nyumba ya Mji wa Kale, akipika, akiosha, watoto wakilia, na mama mkwe ambaye hawajawahi kulala nyumba moja yuko hatua mbili kutoka kitandani mwake. Labda hakuulizwa, kama wewe ambavyo hukuulizwa. Mpigie peke yake, mumewe akiwa kazini. Muulize, "Mwanangu, hii safari wewe waionaje?" kisha nyamaza umsikilize. Nadhani utapata mwenzako. Na lipo jambo ambalo wewe tu unaweza kulisema, kwa kuwa wao kwa adabu hawatalisema. Watataka kukupa kitanda kikubwa cha nyuma, chenye mlango. Kikatae. Waachie wao, wewe ulale kile cha meza inayokunjwa, karibu na choo, ambako kwa hali yako ndiko kunakokufaa. Kile cha juu ya dereva ni cha wajukuu. Na usiku mmoja au miwili mlale hoteli, vyumba viwili, kila mtu aoge kwa raha na wanandoa wapumue.

Kaka yako mjibu kwa upole. Katika I-10, kati ya Phoenix na Los Angeles, upo mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, ambako kila msimu wa baridi hujaa maelfu kwa maelfu ya wastaafu na magari-nyumba yao, wengi wamekuzidi umri. Na makaburini pale kuna piramidi ndogo yenye sanamu ya ngamia juu. Aliyelala hapo ni Haji Ali, Muislamu aliyetoka dola ya Waturuki akaja mwaka 1856 kuhudumia ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani wabebe mizigo jangwani. Wenyeji walishindwa na jina lake wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902. Mwambie mwanao asimame hapo, muombeeni dua. Sijui kama kaka yako bado ataendelea kusema kwamba njia hiyo ni ya wazungu peke yao.

Binti yako ana huruma na nduguye, ila mwanao alichonunua ni tiketi ya kuja kwake. Kumwomba abadilishe barabara hakumrudishii zawadi yake. Akishikilia Denver, basi pandeni ndege hadi Los Angeles, ni saa nne hivi, na gari-nyumba aliweke hadi kiangazi cha kwao.

Mpigie Jumamosi, asiwe kazini, kabla hajatoa arubuni ya gari. Usimtumie ujumbe wa WhatsApp, wala usimtume binti yako. Mwambie hivi: "Mwanangu, nina sukari, nadunga insulini. Sikukwambia kwa sababu sikutaka ukose usingizi huko uliko. Sasa nakuja kukaa kwako, nataka ujue." Atanyamaza, pengine atakasirika kidogo, pengine atalia. Mwache. Mambo ya barabara yaongeeni siku ya pili, na uwe na daftari lako lenye majina ya miji: San Antonio, Fort Stockton, El Paso, Las Cruces, Tucson, Phoenix, Quartzsite.