Si Upele, ni Lantana

SWALI: Nilinunua kondoo 12 wa Dorper, wengine weupe kichwa hadi mkia, wengine wenye vichwa vyeusi. Kiangazi hiki kichaka pekee kilichobaki kibichi ni kile chenye maua ya waridi na manjano na vitunda vyeusi. Sasa wanne wamefunga choo na hawali. Wawili weupe wamevimba masikio na kuchubuka pua. Wenzao wenye vichwa vyeusi hawana kidonda usoni. Nimewaogesha dawa ya upele mara mbili bila nafuu.
Msomaji, Laikipia

JIBU: Acha kuwaogesha. Kichaka hicho ni lantana, na wote wanne wanaumwa ini.

Sumu ya majani yake huziba njia za nyongo. Kondoo anapokula majani mabichi, klorofili (rangi ya kijani ya majani) humeng'enywa tumboni na kuacha kitu ambacho ini lenye afya hukitoa kupitia nyongo. Nyongo ikiziba, kitu hicho hubaki katika damu, na jua linapopiga ngozi nyeupe, ngozi huungua kwa ndani. Ngozi nyeusi huzuia mwanga. Kwa hiyo usidanganywe na uso usio na kidonda wa wale wawili wenye vichwa vyeusi: funua kope na ufizi uone kama umanjano umeingia, kisha tazama mkojo kama umekolea.

Waondoe malishoni leo, wakae kivulini mchana kutwa. Wape maji na nyasi kavu. Majani mabichi yatazidisha madhara ya jua. Mwite daktari wa mifugo mapema, maana tumbo kubwa limesimama na majani yaliyomo yanaendelea kutoa sumu hata kama kondoo hajala tena. Dawa ya kuinasa ni mkaa wa dawa: gramu 500 katika lita 4 za maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, kwa kila kondoo. Ukikosekana, bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi) kwa kipimo hichohicho husaidia, ila polepole zaidi. Mkaa wa jikoni hautoshi. Kiasi hicho kiingizwe kwa mpira hadi tumboni, na anayejua kazi hiyo. Ukimimina kwa chupa kinaweza kuingia mapafuni. Tumbo lisipoanza kufanya kazi baada ya saa 24, dozi hurudiwa. Vidonda vioshwe na kukingwa na nzi wasije wakataga mayai yakawa funza.

Kondoo waliokulia penye lantana kwa kawaida huikwepa. Wageni wenye njaa huila, ndiyo maana wako wamepatikana. Wengine wanane washibishe nyasi kavu zizini kabla ya kuwatoa, na uwachunge mbali na vichaka hivyo.

Kuhusu kichaka chenyewe, kukikata tu ni kazi bure, kisiki huchipua. Ng'oa na mizizi mvua ikilainisha udongo, na usiache matawi malishoni, kwani yakinyauka bado yana sumu. Rudi kila msimu kung'oa miche, maana ndege hula vitunda na kuangusha mbegu upya.