Kaskazi Amepata Kwao, na Safari Hii Sikuficha Kitu

Jumapili nilitumiwa video fupi kutoka Shanzu, hapa Mombasa. Maji yamekupwa, mchanga ni mgumu, na Kaskazi anatimua mbio masikio yamelala nyuma. Dada aliyemchukua anamfuata akihema na kucheka. Nimeitazama sijui mara ngapi. Miezi saba nimemtafutia mbwa yule makao, na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa mna mbwa mliyemwokota na hamjui mumpeleke wapi, acheni niwaeleze.

Nilimpata Januari karibu na soko la Kongowea, waya umemkaba shingoni hadi umeingia nyamani. Daktari wa mifugo alimtazama meno akasema ana umri wa miaka mitatu hivi. Alitibiwa, akachanjwa kichaa cha mbwa, akafungwa kizazi. Kidonda kilipopona ndipo nikamjua hasa. Mbwa huyu hatulii! Alitafuna makubadhi, akachimba bustani, akafukuza kila bodaboda iliyopita Kisauni. Jina Kaskazi walimpa watoto wa mtaani, kwa upepo wa msimu ule.

Nyumbani naishi na Mama, na sisi ni Mashafii, yaani Waislamu wa madhehebu ya Shafii: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama aliweka kopo la udongo kando ya mfereji, akaniambia, "Mwanangu, mlishe, lakini mlangoni asivuke." Jamaa wengine hawakuwa na upole huo. Niliambiwa nimekosa kazi, nimewaletea watu najisi mtaani. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma, kwa sababu walionisema wanaijua vyema hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Tudor, ghorofa ya tatu. Nilitaka sana aende, hivyo nikamwambia yule bwana kwamba mbwa ni mtulivu. Siku ya tisa nilirudi kutoka kazini nikamkuta Kaskazi amefungwa kamba kwenye geti letu, hana maji, jua la saa tisa linamchoma. Hata simu sikupigiwa. Nilikasirika, nikalia. Ilinichukua wiki kadhaa kukiri kwamba uongo ule ulikuwa wangu. Yule bwana aliahidiwa mbwa mwingine kabisa.

Nyumba ya pili, Mikindani, walitaka mlinzi wa kufungiwa bandani mchana kutwa. Alivunja mlango wa banda. Nikaenda kumchukua.

Mara ya tatu niliandika tangazo hivi: "Mbwa jike, mtu mzima, ana chanjo na cheti, hazai tena. Asipokimbia asubuhi na jioni, ataharibu vitu. Hafai ghorofani. Anapenda watoto wakubwa, wadogo huwaangusha." Wiki nne kimya. Rafiki zangu wakasema nimeharibu soko. Kisha akapiga simu dada mmoja wa Shanzu ambaye hukimbia ufuoni kila alfajiri. Hakuuliza kama ni mzuri. Aliuliza, "Anaweza kukimbia saa nzima?"

Nilimwomba aje mara tatu kabla ya kumchukua, na siku moja aje saa kumi na moja alfajiri amtembeze mwenyewe kwa kamba. Nilimuuliza kama mwenye nyumba amekubali, majirani wanasemaje, na akisafiri mbwa atabaki na nani. Nilienda kuuona ua. Siku ya kumpeleka nilibeba shuka lake kuukuu bila kulifua, apate harufu anayoijua. Nikamwambia ukweli tena: siku tatu za kwanza atababaika, wiki tatu atakujaribu, miezi mitatu ndipo atajua pale ni kwao. Akishindwa, anirudishie mkononi mwangu.

Ndugu zangu, semeni ukweli juu ya mbwa wenu. Hasira za kurudishiwa zisiwafanye mumpambe kwa sifa asizo nazo. Mbwa mwenye nguvu nyingi hana kasoro, anakosa mtu wa kwenda naye. Mtafuteni mtu huyo, hata akichelewa, na msimpe wa kwanza kubisha hodi kwa sababu tu mmechoka. Nami nilichoka. Na chanjo ya kichaa cha mbwa msiiruke hata mwaka mmoja, maana ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa binadamu, huua. Kumkabidhi mtu mbwa asiyechanjwa ni dhuluma.

Jana jioni nilimwonyesha Mama ile video. Aliitazama hadi mwisho, akaniuliza, "Huko anapewa maji?" Nikamwambia anapewa. Akarudi jikoni. Kopo la udongo lingali pale kando ya mfereji. Hajaliondoa, nami sijamuuliza.