Umetoka Kwenye Maigizo, Unaingia Bendi ya Roki: Soma Hii Kwanza

Watu wa roki wana dharau moja ya bure kuhusu waimbaji waliotoka kwenye maigizo. Wanasema tunaimba kwa adabu mno, tunatabasamu pasipotakiwa, na kila neno tunalitamka kama wasomaji wa taarifa ya habari. Niliimba kwenye michezo ya nyimbo hapa Nairobi kwa miaka kadhaa kabla ya kushika maiki ya bendi, na dharau hiyo niliisikia hata kwa mpiga gitaa ambaye leo ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Kwenye hilo la tabasamu ana haki kidogo. Lakini kinachomlemea mwimbaji wa maigizo akiingia bendi ni kwamba ghafla hakuna anayemwongoza. Sauti hurekebishika.

Kwenye mchezo wa nyimbo kila jambo lina mwenyewe. Mwelekezi ameshaamua utaingilia upande gani. Kiongozi wa muziki ameshaamua ubeti wa tatu utakwenda kwa kasi gani. Nyuma ya pazia kuna meneja wa jukwaa na daftari lake, anayemwambia fundi wa taa ni sekunde ipi ya kubonyeza. Ukiugua, kuna mwenzako aliyejifunza nafasi yako neno kwa neno. Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo kule New York, ambako ratiba ya kawaida ni maonyesho manane kwa wiki, mambo yasingekwenda bila hao wa akiba.

Bendi haina meneja wa jukwaa. Au tuseme nafasi hiyo ipo, na amepewa mwimbaji bila kuulizwa.

Usiku mmoja kwenye baa ya Westlands, uzi wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo wa pili. Mpiga gitaa akainama kupekua begi. Mpiga dramu akanitazama. Mpiga besi akanitazama. Fundi mitambo, aliyekuwa na sahani yake ya nyama choma kando ya mashine ya sauti, naye akaacha kutafuna akanitazama. Nilimwashiria mpiga dramu abaki na mdundo wa mguu peke yake, besi ikaufuata, nikawagawa watu: wa upande wa kaunta waimbe mstari wa kwanza wa kiitikio, wa upande wa mlango wajibu. Uzi ulipofungwa na kukazwa, wa kaunta walikuwa hawataki kunyamaza. Mbinu yenyewe haikutoka kwenye roki. Ni zoezi la kupasha sauti tulilokuwa tukifanya kila jioni kabla ya pazia kufunguliwa, nusu ya waigizaji huku na nusu kule.

Kwa hiyo, kabla hamjapanga nyimbo, kaeni kitako mpange dharura. Uzi ukikatika nani anaendelea? Stima ikipotea, kuna wimbo mnaoweza kuumalizia kwa dramu na sauti tupu? Mlevi akipanda jukwaani, nani anamshusha, na kwa upole gani? Halafu kwenye karatasi ya orodha ya nyimbo andika pembeni pale gitaa linapobadilishiwa mpangilio wa nyuzi, kwa sababu hapo ndipo utakapozungumza. Watu wetu wa maigizo wakipewa nafasi ya kuzungumza huandaa hotuba. Sekunde ishirini zinatosha. Taja bendi, taja wimbo, sema jambo moja la kweli kuhusu usiku ule, nyamaza.

Mtu ninayependa kumtolea mfano ni mwimbaji wa Marekani Adam Lambert, kwa sababu wengi wanadhani aliokotwa kwenye shindano la televisheni. Alianza maigizo ya watoto kule San Diego, akiwa kijana akaimba kwenye meli ya watalii, akaigiza mchezo wa nyimbo Hair huko Ulaya, na mwaka 2004 alikuwa kwenye mchezo wa nyimbo kuhusu Amri Kumi pale Kodak Theatre, Los Angeles, pamoja na Val Kilmer. Kisha akaingia mchezo mwingine wa nyimbo, Wicked. Huko alikuwa mmoja wa kundi la waimbaji wa nyuma, na papo hapo mwigizaji wa akiba wa nafasi ya mhusika Fiyero. Yaani kazi yake ilikuwa kuijua nafasi ya mtu mwingine kikamilifu, kisha kukaa nyuma ya pazia akisubiri mwenyewe aumwe. American Idol, lile shindano la televisheni, ilikuja baadaye, mwaka 2009, akamaliza wa pili. Usiku wa fainali Brian May na Roger Taylor wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walikuwa jukwaani naye. Mwaka 2011 wakapiga pamoja Belfast, na Juni 2012 wakafanya tamasha lao la kwanza kamili Kyiv. Tangu hapo wamezunguka dunia.

Fikiria alichokuwa anaingilia. Nafasi ile iliachwa na marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, ambaye familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964 na ambaye leo ana nyumba ya makumbusho pale Shangani, Mji Mkongwe. Mwimbaji wa kawaida wa roki angekuwa na njia mbili tu: amwige Freddie, achekwe, au ajifanye Freddie hakuwahi kuwepo, azomewe. Lambert huwaambia watu wazi kwamba Freddie ni mmoja tu, kisha anaimba kwa namna yake. Naamini kabisa hilo alilipata kwenye ule uigizaji wa akiba. Mwigizaji wa akiba mzuri anaheshimu ramani ya mwenye nafasi, pale anaposimama, pale anapogeuka, lakini sauti inayotoka ni yake. Ukiitwa kuziba pengo la mwimbaji aliyeacha bendi, na Nairobi hilo hutokea kila mara maana waimbaji huenda ughaibuni, fanya hivyo hivyo. Jifunze nyimbo zake zote kama zilivyo, pamoja na miguno. Ukishazijua, omba bendi ibadilishe kii, yaani ipandishe au ishushe sauti ya wimbo mzima, kwa zile zisizokukaa. Kuomba kii mpya kabla hujaujua wimbo kunaonekana uvivu.

Freddie mwenyewe ni somo kwa upande mwingine. Kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, Queen walikuwa na dakika ishirini hivi, jioni kabla giza halijaingia, hakuna taa za maana wala mandhari ya kujificha nyuma yake. Itazame ukiwa umezima sauti. Hakuna ishara ndogo hata moja. Kila mkono unaonyoshwa unaonekana hadi kiti cha mwisho. Huo ni uigizaji mtupu, ule wa kucheza kwa ajili ya mtu aliyeketi mstari wa nyuma kabisa. Anayekwambia uache maigizo nyumbani ukija kwenye roki hajaitazama roki vizuri.

Sasa maiki. Hapa ndipo mazoea ya maigizo hukuponza kwelikweli. Kwenye mchezo unabandikwa kimaiki kidogo shavuni au kwenye paji la uso, na fundi ndiye anayepandisha na kushusha. Kwenye bendi maiki iko mkononi, na umbali wake na mdomo ni kazi yako. Karibu kabisa kwenye sauti ya chini, ivute nyuma unapopanda juu. Usifunike kichwa chake kwa kiganja ati ndivyo wanavyofanya wanarap. Itapiga mluzi wa kutoboa masikio. Na usiitumie kuelekeza kwa mkono, tabia ya watu wa jukwaani tuliozoea mikono mitupu.

Halafu spika za jukwaani zinazotuelekea sisi. Fundi akiuliza unataka nini humo, jibu la mgeni ni "kila kitu". Omba sauti yako kwanza, gitaa kidogo la kukushikia kii, basi. Dramu utazisikia upende usipende. Mpiga gitaa wako atapandisha amplifaya kila baada ya nyimbo tatu, na wewe bila kujua utapaaza sauti kushindana naye. Ukishindana na amplifaya utashindwa. Mpelekee maneno kabla ya shoo, kwa utulivu, mbele ya wenzake.

Koo linastahili aya zake, na hapa nitasema habari za Meat Loaf, mwimbaji wa roki wa Marekani. Naye alikuwa mtu wa maigizo: aliimba kwenye Hair, na mwaka 1973 akiwa kwenye mchezo wa nyimbo New York ndipo alipokutana na mtunzi Jim Steinman. Akacheza pia The Rocky Horror Show, Los Angeles na kisha Broadway mwaka 1975. Nyimbo za albamu yake Bat Out of Hell kwa sehemu zilichipuka kutoka mchezo wa Steinman, kampuni nyingi za muziki zikaikataa albamu hiyo, hatimaye ikatoka Oktoba 1977 na kuwa miongoni mwa albamu zilizouzwa sana duniani. Ukiisikiliza ni mchezo wa nyimbo uliovikwa magitaa, wenye wahusika, mabishano na mandhari.

Ila ziara ya kuitangaza ilimmaliza. Nyimbo zile ndefu, zote zikiwa juu kabisa, usiku baada ya usiku, na hakuna wa akiba. Sauti ikamwondoka. Nyimbo zilizokusudiwa kwa albamu iliyofuata Steinman alichoka kusubiri, akaziimba mwenyewe zikatoka mwaka 1981. Meat Loaf alirudi baadaye, na kwa kishindo, lakini miaka kadhaa ilikuwa imeshapotea.

Mtunzi wa mchezo mzuri wa nyimbo hukupangia mapumziko: unaimba wimbo mzito, kisha mwenzako anaimba, kisha mnazungumza. Kwenye bendi ni wewe, wewe, wewe. Kwa hiyo panga orodha ya nyimbo kama mtunzi. Baada ya wimbo wa kupasua koo weka wa gitaa refu, au mpe mpiga besi mmoja aimbe. Wapiga besi wengi wana hamu hiyo, wanaona aibu tu kusema. Ule mkwaruzo wa roki nao usiutoe kwa kukaba koo. Tafuta mwalimu anayeujua, maana hutolewa kwa pumzi kidogo kuliko unavyodhani, na ukihisi maumivu au kuwashwa maana yake umekosea. Ukiamka sauti imekauka, nyamaza kimya. Usinong'one, kunong'ona kunachosha koo kama kuongea tu. Ikipita wiki mbili hivi bila kurudi sawa, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tangawizi na asali ni tamu, nanywa kila siku, lakini hazitibu kidonda cha kwenye nyuzi za sauti.

Pesa. Kwenye maigizo ulilipwa kwa onyesho au kwa msimu, kidogo lakini kwa makubaliano. Kwenye bendi mara nyingi mnagawana cha mlangoni baada ya kumlipa mwenye mitambo, na kuna usiku utarudi nyumbani na nauli tu. Hilo utalizoea. Linalovunja bendi ni nyimbo. Mchezo una mtunzi anayejulikana, jina lake liko kwenye bango. Bendi hutunga chumbani, huyu ana mdundo, yule ana maneno, na kila mmoja akiondoka anaamini wimbo ni wake. Andikeni siku ileile: nani katunga maneno, nani lahani, asilimia ngapi, saini. Kenya haki za mtunzi na haki za mwimbaji au mpigaji ni vitu viwili, na kwa miaka mingi hata vyama vya kukusanya mirabaha vilikuwa tofauti, MCSK kwa watunzi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Ukiimba wimbo usioutunga, usijihesabie fungu la mtunzi. Na jina la bendi ni la nani? Meat Loaf na Steinman, watu waliotajirishana, mwaka 2006 walifikishana mahakamani kwa ajili ya haki ya kutumia jina Bat Out of Hell. Ninyi hamna mamilioni ya kugombania, na ndiyo maana sasa ni rahisi kukubaliana.

Mavazi sina mengi. Vaa unachoweza kuvutia pumzi ukiwa umekivaa.

La mwisho ni la wale wanaoniuliza kama wakienda bendi ndio basi na maigizo. Hapana. Huyo huyo Lambert, baada ya miaka mingi ya viwanja na Queen, Septemba 2024 aliingia Broadway kwa mara ya kwanza, kama mwendesha sherehe wa mchezo wa nyimbo Cabaret. Hapa kwetu Eric Wainaina anajulikana kwa nyimbo za redioni na ametunga michezo ya nyimbo pia. Ugumu uko kwenye kalenda tu: mazoezi ya mchezo hula jioni zote, na jioni ndiyo saa ya bendi. Ukiona nafasi ya mchezo unaoutaka, iambie bendi kabla hujaenda kujaribiwa, usisubiri upate jibu. Mimi niliporudi kwa mchezo mmoja, bendi ilikubali kusimama msimu mzima. Mpiga dramu akachukua kazi ya Jumapili kanisani, mpiga gitaa akarekodi matangazo ya redio, na mpiga besi, aliyekuwa akituambia kila mwaka kwamba shoo ndizo zinazomchelewesha, akapeleka mahari.