Umeomba miezi minane, na bado kimya

Juzi nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, simu ikalia. Ujumbe wa msichana wa Watamu ambaye husoma ninayoandika hapa. "Shikamoo mama. Nimeomba miezi minane nipate kazi. Nimefunga, nimekesha, hakuna kitu. Wewe huwa unaombaje?" Nikaiacha nusu ya nazi kifuuni.

Marahaba mwanangu. Ngoja nikusimulie yangu kwanza, ndiyo ninayoyajua vizuri.

Mwaka 2020 nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, mwaka wangu wa tisa. Korona ikaingia, Waitaliano wakarudi kwao, hoteli zikafungwa. Tukaambiwa tukae nyumbani, tutaitwa. Wenzangu walilia, mimi sikulia, maana nilijiona nina silaha. Wakati huo nilikuwa kiongozi wa waombezi kanisani. Nikishika maikrofoni kwenye kesha la Ijumaa hata waliosinzia nyuma husimama. Sijisifu, waulize. Basi nikafunga siku arobaini, nikila mara moja jioni, na Mungu nikampa hadi tarehe ya kunijibu.

Hoteli ikafunguliwa. Wakaitwa mmoja mmoja, hata yule kijana aliyekuwa akichelewa kila Jumatatu. Simu yangu haikulia.

Kazi kupotea ningevumilia. Kilichonichoma ni kuitwa mbele ya wazee wa kanisa na kuulizwa kama nina dhambi niliyoificha, kwa nini maombi yangu yamegonga mwamba. Nikaambiwa nipumzike uongozi kwa muda. Muda wenyewe haujaisha hadi leo, na maikrofoni anayo mwingine. Nimesamehe. Nafikiri nimesamehe, ila nikipita barabara ile huangalia upande wa pili.

Nikaacha kuomba karibu mwaka mzima. Kanisa jingine nilienda, macho nilifumba kama wenzangu, lakini ndani nilikuwa kimya. Nikaanza kupika mahamri ya kuuza kwa sababu watoto hawali huzuni.

Sasa, mpika mahamri huamka pamoja na adhana. Jirani yangu huku Maweni ni bibi wa Kiislamu, umri wa mama yangu, goti lake moja bovu. Kila alfajiri nasikia birika lake likigonga saruji, maji ya udhu yakimwagika, kisha kimya. Siku moja nikamwuliza kupitia juu ya ukuta, "Bibi, hilo goti halikuzuii?" Akanijibu, "Likiniuma namwambia Mola papo hapo, niko mbele yake. Na wewe mwanangu, waamka saa hizi kila siku, husemi naye?"

Nilishikwa na haya ambayo wale wazee wa kanisa hawakuweza kunitia.

Ukienda kwenye kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti, utasikia habari za mmisionari Francis Xavier, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Katika barua aliyoandika alipofika Goa anasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa heshima wa mji huu alimwuliza kama Wakristo kwao wanakwenda makanisani na kuomba kwa moyo, kwa sababu hapa palikuwa na misikiti 17 na iliyokuwa na watu ni mitatu tu. Zimepita karibu karne tano, na mimi nimeulizwa swali lile lile nikiwa nimeshika bakuli la unga.

Asubuhi ile mikono yangu ilikuwa imezama kwenye unga hadi vifundoni. Siwezi kuiinua, siwezi kupiga magoti, hamira haimsubiri mtu. Nikasema, "Bwana, nimekukasirikia." Basi. Nikaongeza tui, nikaendelea kukanda. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Siku ya tatu au ya nne nikajikuta namwambia na mengine, na machozi yakaingia kwenye unga, wateja wasamehe.

Kwa hiyo ukiniuliza naombaje, jibu ni hilo. Omba mapema, kabla watu hawajaanza kukuita. Omba ukweli. Kama una hasira, sema una hasira. Hana aliomba kwa uchungu midomo ikicheza bila sauti mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na ndiye aliyesikiwa. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke na haukutoka. Alichopewa ni neema. Mbona yeye hakuitwa mbele ya wazee aulizwe dhambi yake? Tunapenda kumsomea mwenzetu habari za Hana aliyepata mtoto, za Paulo tunazifunika. Na tena, omba mapema.

Kuhusu kufunga nitasema waziwazi. Sisi wa Malindi tuliona yaliyofukuliwa mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, walikoambiwa wafuasi wa mhubiri mmoja wafunge hadi kufa, miili zaidi ya 400, na watoto wamo. Tangu hapo ukisema umefunga watu wanakuangalia mara mbili, na wana haki. Funga kwa kiasi na unywe maji. Ukikutana na mtu anayekuambia umnyime mtoto chakula ili Mungu akusikie, toka mbio, kisha ukapige ripoti.

Wengi huniambia mahamri ndiyo jibu la maombi yangu. Sasa natoa 300 kabla ya saa mbili asubuhi, na mbaazi zake, na wafanyakazi wa hoteli ile ile hunijia kwa tuktuk. Wananiita bosi. Nafurahi, siwezi kusema uongo. Lakini mimi niliomba hoteli, sikuomba karai, na sitaki kukudanganya kwamba kila anayesubiri hupewa kilicho bora zaidi. Yule bibi goti lake bado bovu, na birika bado nalisikia.

Binti yangu wa Watamu, kazi sina ya kukupa. Jina lako ninalo, nitalitaja kesho nikikanda. Na wewe usiku huu, kama huna maneno, mwambie huna maneno. Halafu kesho peleka barua nyingine ya maombi ya kazi. Hata ile hoteli iliyoninyima mimi, peleka.