Uchumi kudumaa na uchumi kudorora: jibu kutoka kwa mchuuzi wa mawese Kigoma

Mkuu mleta uzi, umeuliza watu wanawezaje kusema uchumi wa Kigoma umedumaa wakati soko la Mwandiga limefurika na kila mtu yuko kwenye mihangaiko. Pia umeuliza kama kudumaa ndiyo mdororo wenyewe. Mimi nanunua mawese vijijini na kuyapakia kwenda Tabora na Mwanza, kwa hiyo nitajibu kwa ninachokiona.

Mdororo ni uzalishaji kushuka; wengi huutangaza ukishuka robo mbili za mwaka mfululizo. Huo haufichiki kirahisi: maduka yanafungwa, vibarua wanaachishwa. Uchumi uliodumaa hauna kelele hizo. Kazi zipo, hela inazunguka, ila anachopata mtu kwa jasho lake ni kilekile miaka nenda rudi. Angalia Japani. Faharisi ya Nikkei, yaani kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya huko, ilifika kileleni mwisho wa 1989, ikaja kukipita kiwango kile Februari 2024. Katikati hapo treni zilifika kwa wakati na wasio na ajira walikuwa wachache, lakini mishahara ilikuwa palepale. Kwa hiyo soko kujaa hakuthibitishi kitu.

Sasa mawese. Dumu la lita 20 likipanda bei, utasikia "biashara inakua". Nauli nayo je? Sukari? Ada? Ukitaka ukweli weka bei pembeni, uangalie shamba linatoa ngazi (mikungu) ngapi za chikichi, na ngazi hizo zinatoa mafuta kiasi gani. Vijiji ninavyopita, michikichi mingi bado ni ya mababu, aina ya dura: ganda nene, nyama kiduchu. Watu wanachemsha mapipa, wanakamua mpaka mabega yanawaka, mafuta yanayotoka hayalingani na kazi. Na tunazidi kuongezeka. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa na watu kama milioni 2.1, ya 2022 karibu milioni 2.5. Shamba la mzee linagawanywa, kila mtoto anabaki na miti yake michache.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ilijulikana zamani, tena nchi jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa kituo cha Yangambi, Kongo, walionyesha kuwa ukichavusha dura kwa pisifera, ambayo haina ganda, unapata tenera: ganda jembamba, nyama nyingi. (Ile hadithi ya vijiweni kwamba Malaysia walibeba mbegu Kigoma tuiache. Michikichi yao ya mashambani chimbuko lake ni miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848.) Wamalaysia wakahamia kwenye tenera tangu miaka ya 1960. Kwetu msukumo mkubwa umekuja 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili na kituo cha Kihinga cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kikakabidhiwa kazi ya mbegu.

Ndiyo maana wanaosema humu kwamba Waha, wenyeji wa Kigoma, ni wavivu nawashangaa. Njoo alfajiri umwone mtu juu ya mchikichi na panga lake, halafu urudie hayo maneno. Aongeze saa ngapi tena kwenye mti uleule?

Na kwa aliyeuliza kule juu kama anaweza kuokota mbegu chini ya tenera ya jirani: usifanye hivyo ndugu yangu. Tenera ni chotara. Ikichavushwa na dura zilizoizunguka, karibu nusu ya miche yako itakuwa dura tena. Ikichavushwa na tenera mwenzake, robo itakuwa dura na robo nyingine pisifera, ambayo mara nyingi haizai kabisa. Utagundua baada ya miaka mitatu au minne, ngazi za kwanza zikitoka. Nenda Kihinga ukachukue miche inayojulikana wazazi wake.