Usahihi wa asilimia 90 usikudanganye

Umeuliza kama kujifunza kwa mashine (kompyuta kujifunza kubashiri kutokana na data nyingi) kunaweza kumtambua mtoto atakayeonewa shuleni. Kwa mtoto mmoja mmoja, hapana, na tafadhali asikuuzie mtu hilo. Kwa kundi kubwa inasaidia: inaonyesha mambo yanayoambatana na uonevu, kama upweke, kukosa usingizi, kutokuwa na rafiki wa karibu. Ila kuambatana si kusababisha. Huenda mtoto halali kwa sababu anapigwa.

Kwenye usahihi ndipo wengi wanapopotea. Wakionewa 10 kati ya 100, modeli (programu inayobashiri) inayojibu "hakuna anayeonewa" inapata asilimia 90, na wale 10 wote imewaacha. Uliza imewabaini wangapi kati ya hao. Na dodoso la kukusanyia data hiyo kwa watoto lijazwe bila majina, maana mtoto mwenye hofu hataandika ukweli.